Jiwe Kongwe Kuliko Mlima

Watu wa Kaaga, kule Meru, wanajua kujenga, hilo sitawanyima. Lakini kuniambia mimi, Ciakuthii mke wa Salesio, kwamba jiwe la mama yangu libaki nyumbani kama mbwa mwenye upele, hapo walikuwa wamenigusa pabaya. Wacha nianze mahali pa kuanzia, maana nikikasirika huwa naruka.

Sisi tunakaa Kiambere, upande wa Mbeere, ambako mvua huja ikipenda na mawe ni mengi kuliko udongo. Kwa ukoo wetu wa kuukeni, binti haolewi na masufuria tu. Anaolewa na jiwe la kusagia: lile bapa kubwa tunaloliita mama, na lile dogo la mkononi, mwana wake. Kabla ya harusi ya kanisani jiwe linapelekwa kwa mama mkwe. Binti anapiga magoti, anasaga wimbi, anapika uji, na mama mkwe anakunywa. Akinywa, binti ni wake. Asipokunywa, binti anarudi nyumbani na jiwe lake, na padri ajipange vingine.

Najua mashine ya kusaga iko hapo sokoni, msinifundishe. Lakini jiwe hilo lina bonde katikati, limelika kwa mikono ya wanawake ambao wengine hata majina yao siyajui. Ukiweka kiganja pale kinatulia chenyewe. Mama yangu alikuja nalo, mimi nikaja nalo, na sasa zamu ilikuwa ya Igoki, binti yangu wa pekee, aliyechumbiwa na Kobia, kijana wa Meru anayefanya kazi ya umeme kwenye bwawa letu. Kijana mzuri. Anasalimia watu kabla ya kuangalia simu.

Basi kiangazi cha mwaka huu akaja Njuki. Njuki ni mwana wa jirani, nilimnywesha uji akiwa bado na kamasi, na sasa anasomea mawe chuo kikuu. Nilimwuliza kama baba yake aliuza ng'ombe ili yeye asomee mawe, na sisi mawe tunayo bure. Alicheka tu. Alikuwa amebeba kijisanduku cha njano chenye mkono, kama redio iliyokosa stesheni, na alikuwa akizunguka Mbeere nzima akipima miamba.

Akanieleza kwamba ndani ya kila jiwe na kila udongo duniani mna chembe ndogo ambazo huvunjika zenyewe, moja hapa, moja pale. Kila inapovunjika hutoa mionzi kidogo, isiyoonekana wala kunuka, na kazi ya kisanduku ni kuisikia. Nikauliza nani alizitia humo. Akasema hakuna aliyezitia, zilikuwamo tangu dunia iumbwe. Nilimwambia asiniletee uongo wa Nairobi. Akakiwasha.

Uani kilisema tik. Kikanyamaza. Tik, tik, kikanyamaza tena. Njuki akakipeleka kwenye ule mwamba mkubwa ulio nyuma ya jikoni yangu, ule wa kijivu wenye michirizi ya waridi, na hapo kikaanza kuongea mbio, kama kuku anayedonoa mtama juu ya bati. Nilirudi nyuma. Halafu nikamwambia aje ndani apime jiwe langu la kusagia, maana lilichongwa kwenye mwamba wa namna hiyo hiyo. Kisanduku kikadonoa vilevile, pengine na zaidi kidogo.

Nilisimama pale kama niliyemwagiwa maji. Nimesagia juu ya jiwe hilo tangu niolewe, nikiimba, nikilia, nikimtukana Salesio kimoyomoyo, na siku zote hizo lilikuwa na kazi yake nyingine ambayo sikuijua. Lilikuwa likifanya hivyo nikiwa shambani. Lilikuwa likifanya hivyo tukiwa tumelala. Nikauliza limeanza lini.

"Mama, mwamba huu una miaka zaidi ya milioni mia tano," Njuki akasema. "Mlima Kirinyaga una kama milioni tatu hivi. Kwa jiwe lako, mlima ni mtoto wa juzi."

Nikakaa chini juu ya gunia. Asubuhi kukiwa wazi tunauona mlima kutoka kwetu, mweupe kileleni, na babu zetu waliomba wakiuelekea. Nimekua nikijua kwamba hapa duniani hakuna kilichoutangulia. Kumbe humu jikoni, chini ya ungo, kuna kitu kilichokuwa kikongwe kabla mlima haujaota. Njuki akaendelea, na mimi sikumkatiza, jambo ambalo si kawaida yangu. Alisema joto lililo chini kabisa ya ardhi, lile lililousukuma mlima utoke ukiwa moto, sehemu yake kubwa hutokana na chembe za aina hiyo hiyo zikivunjika kwa wingi usiohesabika. Jiko la dunia huchochewa na kuni za namna hii, akasema. Nililitazama jiwe langu na sikujua nilipe shikamoo au nilifunike.

Nikauliza kama linaua. Akasema hapana, ni kiasi kidogo, watu na mbuzi wameishi nacho tangu zamani. Mwenye nyumba ya mawe afungue madirisha hewa ipite, basi. Akaandika hesabu zake, akanywa uji, akaenda zake.

Mdomo uliponza kichwa. Siku ya soko sikumsaza mtu. Niliwaambia wauza nyanya, niliwaambia wamama wa kanisa, nikamwambia hata mtu wa kutengeneza baiskeli, kwamba jiwe langu linaongea na kwa umri ni mkubwa wa mlima. Sikuwa na haja ya kuongeza kitu, ukweli wenyewe ulikuwa umeniajabisha vya kutosha. Walioongeza ni wengine. Habari ilipanda ikapita Embu, ikapita Chuka, na kila ilipopita ikatiwa chumvi. Ilipofika Kaaga jiwe langu lilikuwa linawaka gizani na kuua vifaranga.

Jedidah, mama yake Kobia, akanipigia simu. Ni mwalimu mstaafu, mjane, mwanamke mpole mwenye maneno machache, na nilikuwa nimempenda tangu siku ya kwanza. Alinisalimia vizuri, akauliza mvua. Kisha akasema, "Mama Igoki, mtoto wako nampenda na nyumba yangu iko wazi kwake. Lakini jiwe lenye mionzi libaki huko."

Nikamjibu kwamba jiwe likibaki, Igoki naye amebaki. Nikakata simu kabla hajasema kwaheri.

Igoki alikuwa pale pale akichambua maharagwe, na alisikia kila kitu. Hakulia. Akaniuliza bila kuacha kuchambua, "Mama, ni mimi ninaolewa ama ni jiwe?"

Nikapandisha hasira mahali pa jibu, ndivyo nilivyo. Salesio alipojaribu kusema tutafute jiwe lingine la mtoni, laini, lisilo na maneno, nilimwuliza kama yeye angekubali kutafutiwa mama mwingine. Akachukua kofia yake akaenda kuangalia mbuzi. Mbuzi walikuwa salama siku hiyo kuliko siku yoyote.

Na kuna jambo ambalo sikumwambia mtu. Neno la Jedidah lilikuwa limeniingia. Nilianza kunawa mikono baada ya kusaga, kisha nanawa tena. Igoki alitambaa jikoni humo. Mchana wa joto nilikuwa namlaza juu ya jiwe hilo hilo kwa sababu lina ubaridi, na alilala vizuri, mashavu yakachukua alama zake. Kama nilikuwa namdhuru mwanangu huku nikimbembeleza, je? Wazo hilo lilinitoa hamu ya chakula.

Nikamtafuta Njuki. Nilimkuta kwa mama yake akila, nikamwambia mbele ya sahani yake kwamba yeye ndiye aliyeleta kisanduku nyumbani kwangu, na yeye ndiye atakayekwenda nacho Kaaga aseme ukweli mbele ya wakwe. Kama ukweli ni mbaya, na usemwe vilevile. Akaniangalia, akaisukuma sahani kando, na hakubisha.

Kobia akaja na pikapu. Tulilivika jiwe shuka tukalifunga nyuma kwa kamba, mwana wake nikampakata mwenyewe. Salesio alikataa kuja, akasema hivyo ni vita vya wanawake. Njia nzima kutoka Embu mlima ulikuwa upande wetu wa kushoto, mawingu yakiufunika na kuufunua, na nilikuwa nikiutazama kwa jicho jipya. Igoki alikuwa akitazama upande mwingine. Nilijua tukirudi na jiwe tutarudi naye, kwa sababu nilikuwa nimeapa mbele ya watu, na nilijua pia kwamba hatanisamehe.

Jedidah alitupokea kwa chai na mikate, adabu tupu, lakini mara zote alikuwa akiangalia nje kwenye pikapu. Tulipotoka uani alisimama barazani akajifunga sweta. Njuki akawasha kisanduku juu ya ule udongo wao mwekundu wa migomba. Tik. Kimya kirefu. Tik. Kilikuwa kizito cha kusema kuliko hata kwetu. Njuki akaeleza kwamba udongo wa huku umetokana na mawe ya volkano ambayo hayana chembe hizo kwa wingi. Kisha akapanda kwenye pikapu, akafunua shuka, akakiweka juu ya jiwe langu, na kuku akaanza kudonoa bati.

Jedidah alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mlango. "Nimesikia ya kutosha," akasema.

Nilimtazama Igoki, naye alikuwa ametazama chini. Kobia akasogea akasimama karibu naye bila kumgusa. Kiburi changu chote nilichotoka nacho Kiambere kilikuwa kimeniachia jiwe mkononi na binti asiye na pa kwenda.

Njuki, maskini, akaomba maji. Jedidah akamwambia aingie jikoni, na sisi tukaingia nyuma yao kwa sababu hakuna aliyejua afanye nini kingine. Sasa jikoni hiyo ni ya kuonewa wivu. Kobia alimjengea mama yake meza ndefu ya graniti ukutani, ya waridi yenye madoa meusi, inayong'aa mpaka unaona meno yako. Njuki alipokea gilasi, na ili ashike gilasi akakiweka kisanduku juu ya meza. Hakuwa amekizima.

Kikaanza. Sote tulikisikia. Mbio zile zile, kuku yule yule.

Nyani haoni kundule. Methali hiyo ilikuwa imefika kwenye ncha ya ulimi wangu, tamu kama asali ya Mbeere, na katika maisha yangu sijawahi kupewa nafasi nzuri kama ile. Nilifungua mdomo. Ndipo nikamwona Jedidah. Alikuwa ameegemea meza kwa mkono, akauondoa haraka kama aliyegusa sufuria ya moto, akauficha ndani ya sweta. Alivuta kiti akakaa.

"Hata humu," akasema. "Hata humu ndani kimenifuata."

Kobia akaenda akachuchumaa mbele yake. Alimwambia, Mum, waambie tu. Na Jedidah akatuambia, sauti yake ikiwa ndogo kama ya mtoto anayesoma mbele ya darasa. Miaka ya nyuma aliugua saratani ya titi, akatibiwa kwa mionzi huko Nairobi. Alipona, anamshukuru Mungu. Lakini kila walipomlaza kwenye kile kitanda watu walitoka chumbani, wauguzi wakatoka, daktari akatoka, mlango mzito ukafungwa.

"Nilibaki peke yangu na kitu nisichokiona," akasema. "Kama ni kizuri, kwa nini kila mtu alikuwa anakikimbia? Tangu siku hizo sijaweza kulisikia hilo neno."

Niliimeza ile methali, ikashuka kama mfupa. Nilikuwa nimekuja kumshinda mwanamke aliyekuwa akiogopa, na mimi mwenyewe nilikuwa nanawa mikono mara nyingi nyumbani kwangu nikiogopa kitu hicho hicho. Nilijionea aibu. Igoki alikuwa ameshikilia mlango, machozi yakimtiririka, kwa sababu hata yeye hakuwa ameambiwa.

Njuki hakukimbilia kuongea. Aliweka gilasi chini, akavuta kiti akakaa mbele ya Jedidah kama anayemsalimia nyanya yake. Alimwambia kwamba ya hospitali na ya mawe ni jamii moja, lakini ile ni msitu unaowaka na hii ni cheche ya kiberiti. Daktari alitoka kwa sababu yeye, akibaki, angeuingia msitu huo kila siku na kila mgonjwa. Meza hii na jiwe lile havijamdhuru mtu, akasema, na binti wa Mama Ciakuthii aliyekua juu ya jiwe hilo ndiye huyu hapa mlangoni. Aliposema hivyo pumzi niliyokuwa nimeizuia tangu Kiambere ilinitoka.

Kisha akasema neno ambalo hakuwa ameniambia hata mimi.

"Mama, chembe hizi zimo hata mwilini. Tunazila kwenye maharagwe, kwenye ndizi, kwenye viazi. Zinavunjika ndani yako sasa hivi, maelfu kila sekunde, na ndani yangu pia. Hakuna mtu aliye peke yake na kitu hiki."

Jedidah akainua uso. "Hata mimi? Kabla ya hospitali?"

"Hata wewe. Kabla hujazaliwa. Mtoto huanza kuzipata kwa mama yake tumboni."

Kisanduku kilikuwa bado kinadonoa pale mezani. Nilienda nikauchukua mkono wa Jedidah kutoka ndani ya sweta, na hakukataa, nikauweka juu ya graniti, nikaweka wangu juu yake. Jiwe lilikuwa baridi na laini. Sijui lilitoka nchi gani, limevuka maji mangapi, lakini chini ya viganja vyetu lilikuwa likisema lugha moja na jiwe langu la Kiambere, na ndani ya viganja vyenyewe, kama Njuki anavyosema, kulikuwa na wengine wanaojibu. Nilifikiria mlima huko nje, ule mtoto. Nilifikiria moto ulio chini yetu, chini ya migomba na shule na makanisa, na wanawake wale nisiowajua majina, waliosaga miaka yote hiyo wakidhani jikoni mna wao tu. Niliogopa, lakini hofu hiyo haikuwa ya kukimbia. Ilikuwa ile ya kuvua viatu.

Tulikaa hivyo mpaka graniti ikapata joto la mikono yetu. Nilihesabu kimya chake na sikukivunja, na wanaonijua watawaambia hiyo ni miujiza peke yake.

"Lileteni," akasema mwishowe.

Kobia na Njuki wakalibeba lile jiwe mama, mimi nikamleta mwana. Wakaliweka sakafuni. Wimbi nilikuwa nalo mkobani, maana hata nikiwa na hasira sikosi matumaini. Igoki akaliosha jiwe kwa maji, akapiga magoti, akaanza kusaga, na mabega yake yakawa ya mama yangu, haki ya Mungu, nikageuza uso. Sauti ya kusaga ilijaa jikoni, kisanduku hakikusikika tena, na Njuki akakizima.

Uji ukaiva. Igoki akaumimina kwenye kikombe, akaushika kwa mikono miwili, akampa Jedidah. Jedidah akaushika na asinywe. Aliutazama mvuke. Nilimwona Kobia akitazama mikono ya mama yake, na Igoki akiwa amepiga magoti tena, hathubutu kuinua macho.

Akanywa. Alikunywa polepole, bila kupumzika, mpaka akageuza kikombe tukaona chini.

Kisha akainuka, akazunguka jikoni yake akitafuta, akaonyesha mahali karibu na dirisha. Akalifungua dirisha kabisa, hewa ya Meru ikaingia na harufu ya udongo.

"Likae hapa, mwanangu," akamwambia Igoki. "Nyinyi mkirudi kule bwawani kazini, mimi hubaki kwenye nyumba hii peke yangu. Nitalisikiliza."

Nikamwambia kwamba bila kisanduku halisikiki.

"Najua," akasema, "lakini sasa najua lipo."

Nililia, na mimi si mtu wa kulia mbele ya wakwe.